Ukoko wa Nasambu

Kila alipomaliza kusonga ugali, Nasambu aliusuuza mwiko ndani ya kikombe cha maji, akaupa mlango mgongo, kisha akayanywa yale maji. Nilimwona akifanya hivyo Laini Saba, Kibera, alipokuwa mpishi wa watoto tisini, na nilimwona akifanya hivyo mtaa wa Kongo, Kawangware, wakati alikuwa ameacha kabisa kusonga ugali na mwiko wake ukawa wa uji tu. Maji yalikuwa meupe kidogo, na chembe za unga zikielea juu. Siku moja nilimuuliza. Alisema kwao, karibu na Kimilili, walizaliwa tisa na sahani zilikuwa nane, na kwa kuwa yeye alikuwa wa mwisho, mama yake alimpa mwiko. Alilisema jambo hilo kama mtu anavyotaja mtaa alikozaliwa, akaendelea kuchambua maharagwe.

Naandika habari zake kwa sababu sioni mwingine atakayeziandika. Tena kulikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wangu ambao ungemwondolea aibu mbele ya watu, na nilikaa nao zaidi ya miaka mitatu.

Shule niliyofundisha ilikuwa vyumba vinne vya mabati nyuma ya kanisa, karibu na reli. Masomo yakiwa yanaendelea, watoto walipata chakula cha mchana. Shule ikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba, walirudi katika nyumba ambazo mchana hazikuwa na moto. Kila muhula ulipoanza nilipokea watoto ambao shingo zao zilikuwa zimekonda, na wiki nzima ya kwanza ilipita wakiwa wamelaza vichwa juu ya madawati. Mwaka wa 1993 mchungaji alipata wafadhili ng'ambo walioguswa na jambo hilo. Wakaanza kutuma unga, maharagwe na mafuta ili watoto wale hata wakati wa likizo.

Masharti yalikuja pamoja na magunia. Chakula kilikuwa cha watoto walioandikishwa shuleni peke yao. Kila mtoto sahani moja. Kinaliwa hapa hapa, na hakuna kitu kinachotoka nje ya lango. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Muia, fundi seremala na mzee wa kanisa, mtu mpole aliyeogopa jambo moja tu duniani, nalo ni wafadhili kukasirika. Mimi nilifanywa katibu kwa sababu nilikuwa nimepita chuo cha ualimu na mwandiko wangu ulisifiwa.

Nasambu aliajiriwa kupika. Alikuwa anakaribia miaka hamsini, mpana wa mabega, asiyejua kusoma. Mume alimwacha zamani kwa kuwa hakuzaa. Alifika jikoni kabla ya sisi sote na aliondoka baada ya kufagia majivu.

Anayejua kusonga ugali wa watoto tisini kwenye sufuria moja juu ya kuni anajua kwamba chini hubaki ukoko. Mpishi mwingine angevuta kuni nje mwishoni ili ukoko uwe mwembamba. Nasambu aliziongeza. Ugali ukishapakuliwa aliiacha sufuria motoni kitambo, kisha akazungusha kisu kando, na ukoko ukabanduka mzima, wa kahawia, una umbo la kichwa. Watoto waliuita kofia. Masharti yalihesabu sahani; ukoko haukuwa sahani. Nyuma ya jiko kulikuwa na bati moja lililoachia misumari upande wa chini, na nje ya bati hilo walingoja wale ambao hawakuandikishwa: wadogo wa wanafunzi wetu, na wengine ambao wazazi wao hawakuweza kulipia shule. Nasambu aliivunja kofia na kuvisukuma vipande nje kimoja kimoja. Vingi viliangukia mavumbini, kwenye majivu aliyoyamwaga yeye mwenyewe asubuhi. Ndipo alipowafundisha maneno mawili, na wao wakayafanya wimbo.

"Pangusa, kula," alisema kupitia ule mwanya. "Majivu haijawahi kuua mtu."

Wakapangusa kwa pindo za nguo zao, wakala. Mdogo kuliko wote aliitwa Adhis, binti wa Apiyo, mwanamke aliyekuwa akienda Lavington, mtaa wa matajiri, kila siku kufulia watu nguo. Adhis alikuwa na miaka minne. Alikuwa akipangusa hata kipande kilichotua mkononi mwake kikiwa safi, mbele na nyuma, kwa makini sana, kwa sababu aliamini hivyo ndivyo chakula kinavyoliwa.

Mwaka wa kwanza niliona yote hayo na nikanyamaza. Nilikuwa na sababu nzuri za kunyamaza, kama ambavyo baadaye nilikuwa na sababu nzuri za kusema.

Agosti mwaka wa 1994 alikuja Filister, mama yake Billy, aliyekuwa akiuza makaa kando ya reli. Alikuja na sahani ya mwanawe mkononi, ugali ukiwa bado juu yake, akaiweka mbele yangu.

"Mwalimu, hii ni ugali ama ni sabuni ya kipande? Billy wangu anapewa hii, halafu unga inapikiwa kofia ya watu wa nje. Hao mama zao si walikataa kuandikisha watoto? Mimi nililala njaa ndio Billy aandikishwe."

Ningependa kusema kwamba Filister alikuwa mwongo. Hakuwa mwongo. Unga ulioungua chini ya sufuria ulikuwa umepungua juu ya sahani, na aliyepungukiwa ni Billy, ambaye naye hakuwa na chakula kingine siku hiyo. Watoto wa ndani walikwisha kulijua hilo kabla yetu. Walikuwa wakipanda juu ya mawe na kuwaimbia wale wa nje, "Kofia, kofia, vaa yako uende," na mara nyingine walimwaga maji ya kuoshea sahani kupitia ule mwanya, wakacheka.

Kamati ilikaa. Tukamwambia Nasambu apunguze moto. Akamjibu Mzee Muia kwamba hii ni kuni, haina kitufe cha kuzungusha kama stovu ya Lavington. Tukapigilia misumari kwenye bati na kuagiza ukoko utupwe katika shimo la takataka. Siku ya pili watoto walikuwa ndani ya shimo, wamekaa kwa duara, wanapangusa. Nasambu alikuwa akiutupa ukoko juu kabisa ya takataka, taratibu, kama mtu anayeandika meza.

Kisha zikaja habari kwamba wageni kutoka kwa wafadhili wangetutembelea Ijumaa, na kwamba wangekuja na kamera. Jumatano Mzee Muia alituita tena. Hakupaza sauti. Alisema wageni wakikuta watoto ndani ya shimo la takataka, wakawapiga picha, magunia hayatarudi. Watoto tisini watakosa chakula kwa ajili ya kumi na watano wa nje. Alituuliza kama kuna mtu mwenye jibu. Mtu mmoja akasema watoto hawataingia shimoni kama ukoko wenyewe hauliki. Jambo hilo likapita bila mjadala mrefu, na nikaliandika hivi katika kitabu cha kamati: "Ukoko uharibiwe kwa dawa ya choo kabla ya kutupwa." Nakumbuka kwamba niliipenda sentensi hiyo kwa ufupi wake.

Alhamisi asubuhi nilimpelekea kitabu jikoni nikamsomea.

"Iharibiwe?" aliniuliza. "Na nini?"

"Dawa ya choo, Mama. Ile iko kwa chupa nyuma ya mlango."

"Mwalimu, hiyo ni chakula."

"Ni siku mbili tu, mpaka wageni waende."

Alikitazama kitabu. Watu wasiojua kusoma hukitazama kitabu kwa namna ambayo sisi tuliosoma tumeisahau. "Hiyo maneno imeandikwa?"

"Imeandikwa."

"Haya," alisema. "Kama imeandikwa."

Ile dawa ilikuwa imenunuliwa dukani ya kupimiwa, katika chupa ya soda isiyo na karatasi. Ilikuwa nyeupe kama maziwa na hakuna kati yetu aliyejua ukali wake. Siku hiyo Nasambu alivuta kuni nje mapema, kwa mara ya kwanza, na ukoko ukatoka mwembamba kuliko wote niliowahi kuona. Aliwaita watoto wa nje, akawaonyesha chupa, akamimina mbele ya macho yao, akawaambia hii leo ni sumu, mtu asiguse. Walisimama kidogo. Mmoja alimtukania Nasambu mama yake. Wakatawanyika.

Adhis hakuwa kati yao. Apiyo alikuwa na desturi ya kumfungia ndani anapokwenda kazini, na jirani alimfungulia karibu na saa sita ili akale kofia. Siku hiyo jirani alichelewa. Adhis alifika saa nane, hakuna mtu, bati limepigiliwa misumari. Akaenda shimoni. Harufu ya dawa haikumshtua, kwa maana sehemu ile yote ilinuka choo siku zote. Akaokota kipande, akapangusa mbele, akapangusa nyuma. Najua kwamba alipangusa vizuri kwa sababu baadaye niliuona upindo wa gauni lake, ulikuwa na alama nyeupe mbili zilizokaa sawasawa.

Tulikuwa tukiosha sahani. Nasambu ndiye aliyesikia kwanza ukelele mmoja wa mtoto kutoka shimoni, akatoka mbio na povu mikononi. Alimfunga mgongoni kwa leso akavuka naye reli kwenda barabarani kutafuta gari, na muda wote mtoto alikuwa akijaribu kulia na sauti haitoki.

Adhis hakufa. Madaktari walisema koo limeungua na litapona kwa makovu, na kovu hubana. Tangu siku hiyo hakuweza kumeza kitu chochote kilicho kizito kuliko uji mwepesi uliochujwa. Sauti yake ikawa ya kunong'ona.

Ijumaa wageni walikuja. Waliwapiga picha watoto tisini na sahani zao, wakausifu usafi wa shimo la takataka. Walipomuulizia mpishi waliambiwa amefiwa.

Jumapili alfajiri Mzee Muia alibisha mlangoni kwangu. Hakuingia. Alisema kutakuwa na mkutano baada ya ibada, watu wana hasira, na mama wa mtoto atakuwepo. Akakohoa. "Mwalimu, ule ukurasa wa Jumatano una makosa ya kuandika. Ungeuandika upya, uwe safi." Nilimwelewa. Niliukata ule ukurasa kwa wembe, taratibu ili usiraruke, nikaandika mwingine. Ule wa kwanza ningeweza kuuchoma. Niliutia ndani ya bahasha ya cheti changu cha ualimu, nikaifunga.

Kanisa lilijaa. Nasambu alisimamishwa mbele, na gauni lake bado lilikuwa na harufu ya hospitali. Mzee Muia alimuuliza ni nani aliyemwaga dawa.

"Ni mimi."

Akamuuliza ni nani aliyemtuma.

"Iko kwa kitabu," alisema Nasambu. "Mwalimu asome."

Nikasimama. Chuoni tulifundishwa kusoma mbele ya watu: kichwa juu, pumzi kutoka tumboni, kila neno lisikike mpaka nyuma. Nikasoma hivyo. "Ukoko utupwe shimoni." Nikafunga kitabu. Nasambu alikuwa akiutazama mdomo wangu, na mdomo wangu ulipotulia aliendelea kuutazama, kana kwamba maneno mengine yalikuwa yamechelewa njiani na yangefika.

"Haya," alisema. "Kama imeandikwa."

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Filister alisimama akasema huyu mama siku zote hunywa maji ya mwiko akiwa amegeuka, na ni nani anayejua anaweka nini mle, labda ni dawa ya kujikinga na anayowafanyia watoto wa watu kwa sababu yeye hana. Watu waliguna. Apiyo aliinuka polepole kutoka benchi la mbele, akavua kiatu, akampiga nacho Nasambu usoni mara nne au tano. Hakuna aliyemzuia. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na mikono yangu ilikuwa imekishika kitabu.

Nasambu alifukuzwa kazi na kutolewa chumbani mwake siku hiyo hiyo. Magunia yaliendelea kuja Desemba, na Aprili iliyofuata hayakuja. Wafadhili walikuwa wamehamia mradi wa kuchimba visima mahali pengine. Watoto tisini wakarudi nyumbani kukaa njaa pamoja na wale kumi na watano. Mzee Muia alisema ni mapenzi ya Mungu, akatengeneza madawati mapya.

Mimi nilijua yaliyompata Nasambu baada ya hapo karibu miaka miwili baadaye, nilipokwenda Kawangware kumtazama jamaa mgonjwa. Kwenye kona moja ya Kongo, sehemu ile ya vyumba vya mabati vilivyobanana ng'ambo ya mto, nilikuta watoto wamepanga mstari na vikombe. Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Mwanzo wa mstari palikuwa na jiko la makaa, na nyuma ya jiko alikuwa yeye, amekonda, na kovu dogo juu ya nyusi. Kando yake alikaa Adhis juu ya debe la mafuta lililopinduliwa, anakunywa uji.

Habari yenyewe niliisikia kwa vipande. Wiki mbili baada ya mkutano Apiyo alikuwa amehamia Kongo ili awe karibu na Lavington. Alikuwa akimwacha mtoto kwa jirani, na jirani hakuwa na subira ya kupika uji mara tano kwa siku na kuuchuja. Mtoto akawa mifupa. Nasambu, ambaye wakati huo alikuwa akilala kwenye ukumbi wa kanisa jingine, alimfuata Apiyo mpaka mlangoni, akapiga magoti, akaomba apewe mtoto wakati wa mchana. Apiyo alimjibu kutoka ndani bila kumfungulia.

"Ulimharibu, utamlisha," alisema. "Mpaka mmoja wenu akufe."

Nasambu akakodi chumba mlango wa tatu kutoka pale. Kila asubuhi Apiyo alimleta mtoto, akamsimamisha mlangoni, akaondoka. Kila jioni alimchukua. Zaidi ya miaka mitatu hakumsalimia. Majirani walisema hata akimkuta Nasambu bombani, aliuacha mtungi wake akarudi baadaye.

Unga aliupata kwenye posho mill, kinu cha kusagia mahindi, ya mtu aliyeitwa Kavoi. Alimfagilia sakafu na kumsafishia mashine, naye Kavoi akamruhusu achukue unga uliomwagika chini. Aliuchekecha mara tatu kutoa mchanga. Kwanza ulikuwa wa Adhis peke yake. Kisha shule zikafungwa, na watoto wa Kongo wakasikia harufu. Mama zao walikuwa wamekwisha pata habari kutoka Laini Saba, kwa maana habari mbaya haikosi nauli, na waliwakataza: huyo ndiye mama aliyetilia mtoto sumu, huo ni uji wa mchawi. Wakiwa wameshiba watoto walitii. Kufikia juma la pili la likizo walikuja, kwanza wanne, kisha ishirini, kisha mstari. Wakinywa walimtania hapo hapo mbele yake.

"Mathe, leo umeweka ya choo ama ya panya?" aliuliza mmoja, na wote wakacheka.

"Leo ni ya wajinga," alijibu Nasambu. "Wewe nimekuekea double."

Hakuwa na daftari la majina. Hakuuliza mtoto ni wa nani wala anasoma wapi. Uji ukiisha aligeuza sufuria kuwaonyesha, na chini yake palikuwa pakavu na safi. Hakuacha tena kitu chochote kishike chini ya sufuria.

Siku ile ya kwanza aliniona, akanikaribisha kwa jina la Mwalimu, akanipa kikombe cha uji ninywe nimekaa chini pamoja na watoto. Sikupata mahali pa kuanzia kusema nililotaka kusema. Nilipoinuka aliniambia hivi, kwa upole kabisa:

"Ukija tena, mfundishe huyu kuandika. Wewe unajua kuandika vizuri."

Nikawa ninakwenda. Kila likizo, mara mbili kwa wiki, nilikwenda Kongo na kilo mbili za unga na kalamu, nikamfundisha Adhis herufi. Nasambu aliupokea unga bila kunishukuru. Kila mara alinipa kikombe, na kila mara alinitazama mdomo nikinywa. Sikumsikia akitaja kanisa wala kitabu. Kama angenitukana ningelia, nikaomba msamaha, nikarudi nyumbani nimepona. Alinikaribisha.

Adhis alijifunza upesi. Alikuwa mtoto wa kukaa kimya, na herufi hupenda watu kama hao. Alikuwa pia amejifunza jambo jingine: Nasambu alipomaliza kusuuza mwiko, aligawa yale maji mara mbili, akanywa yeye, akampa mtoto. Wote wawili waliupa mlango mgongo.

Mwisho wa mwaka wa 1997 mvua ilianza na ikakataa kuacha. Vyoo vilifurika, mto ukaingia kwenye vyumba vya chini, makaa yaliyouzwa yalikuwa yameloa mpaka ndani. Nasambu akashikwa na kifua. Alifariki Januari iliyofuata, na Apiyo ndiye aliyemwosha, kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine wa Kongo aliyekubali kumgusa. Waliokuwepo waliniambia alimwosha vizuri, na kwamba alimsugua vidole kimoja kimoja kutoa masizi.

Lakini mara ya mwisho mimi kuzungumza na Nasambu ilikuwa Desemba, siku tatu kabla ya Krismasi, mchana. Nilikuwa nimeifungua bahasha ya cheti changu asubuhi hiyo. Nilimkuta amelala kitandani, amefunikwa blanketi na gunia, na Adhis, aliyekuwa na miaka saba sasa, akipuliza jiko lisilotaka kuwaka. Nje ya mlango, chini ya ukingo wa mabati, watoto kama thelathini walikuwa wamesimama na vikombe vyao, mvua ikijaa humo.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba ukurasa ninao, ule wa kwanza, na tarehe yake. Nilimwambia jioni Apiyo akija nitausoma mbele yake, halafu nitausoma hapo nje kwa majirani wote, halafu nitakwenda Laini Saba niusome kanisani pale pale nilipousoma ule wa uongo, watu wajue ni nani aliyeandika na ni nani aliyetumwa. Nilikuwa nikilia. Nasikitika kusema kwamba nilikuwa pia nikijisikia vizuri.

Aliunyosha mkono nje ya gunia, nikampa ukurasa. Aliushika karibu na uso, akaugeuza nyuma, akaugeuza mbele. Kisha akamwita Adhis, akampa.

"Soma," alimwambia.

Adhis aliacha jiko. Alisimama kichwa juu, kama nilivyomfundisha, akafuatisha mwandiko wangu kwa kidole. Alisoma kwa ile sauti yake ya kunong'ona, na mvua ilikuwa ikipiga mabati, lakini chumba kilikuwa kidogo na nilisikia kila neno. "Ukoko uharibiwe kwa dawa ya choo kabla ya kutupwa." Hakukwama hata mara moja. Alipofika mwisho aliutazama ukurasa kidogo zaidi, akapeleka mkono kooni, akaushusha. Hakunitazama. Aliurudisha ule ukurasa mkononi mwa Nasambu, kisha akaenda kuchuchumaa tena mbele ya jiko na kupuliza makaa yaliyoloa, moshi ukitoka na moto hautoki.

Nasambu alikohoa mpaka akachoka. Kisha akauweka ukurasa katika kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Washa jiko na hiyo karatasi, Mwalimu. Watoto hawajakula."